Mikono Kwanza, Sindano Baadaye

Mbuzi wa maziwa akitokwa na vidonda kwenye kiwele, safari ya kwanza ya wafugaji wengi ni duka la dawa za mifugo. Muuzaji anaombwa "dawa ya vidonda", anatoa chupa ya oksitetrasaiklini au kopo la dawa ya kupuliza ya bluu, fedha inalipwa, na jioni hiyo hiyo mbuzi anachomwa sindano. Hakuna aliyeuliza kama watoto wa mbuzi huyo wana magaga midomoni. Hakuna aliyeuliza nani anakamua, anaanza na mbuzi yupi, na anafuta viwele kwa kitambaa gani. Sisi tunasema utaratibu huu unapoteza fedha, unaharibu maziwa, na mara nyingi hauponyi kitu. Vidonda vingi vya kiwele husambazwa na mikono ya mkamuaji, na tiba ianzie huko huko.

Tunamzungumzia mnyama mwenye uzito katika nyumba za watu wa kipato kidogo. Kule Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei mwaka 1988, na ukifika kijiji cha Nyandira utakuta mabanda ya mbao yaliyoinuliwa juu ya ardhi pembeni mwa mashamba ya mboga. Meru, nchini Kenya, walipata mbuzi wa Toggenburg kupitia mradi wa shirika la FARM-Africa katika miaka ya 1990, na Nyeri wana mbuzi wa Alpine wa kutoka Ujerumani. Kote huko hesabu ni moja: ardhi haitoshi ng'ombe, basi mbuzi anafungiwa bandani, anakatiwa majani, naye anarudisha lita moja au mbili kwa siku, za uji wa watoto, chai ya wakubwa na jirani anayenunua. Mwenye mbuzi wawili akiharibikiwa kiwele cha mmoja, nusu ya mradi imekwenda.

Na kiwele hakichukui muda kuharibika. Chuchu yenye kidonda inauma. Mbuzi anayeumia hupiga teke na kukaza mwili, na maumivu yenyewe huzuia homoni inayoshusha maziwa. Mkamuaji anaondoka na sehemu tu ya maziwa, mengine yanabaki ndani. Watoto nao wakija kunyonya wanafukuzwa. Maziwa yaliyolala kwenye kiwele ni chakula cha bakteria, na bakteria wenyewe wako pale pale kidondani, sentimita chache kutoka tundu la chuchu. Kilichoanza kama tatizo la ngozi kinageuka kuwa ugonjwa wa kiwele: uvimbe, joto, mabonge kwenye maziwa. Baadhi ya waliopona hubaki na upande mmoja uliokauka maisha yao yote.

Kwa hiyo kupuuza hapana. Lakini kukurupuka na sindano pia hapana, kwa sababu vidonda vya kiwele havifanani, na dawa inayofaa hiki haina kazi kwa kile.

Vinavyoonekana mara nyingi ni vipele vidogo vyenye kichwa cha usaha, vinavyoanzia kwenye shina la chuchu na katikati ya pande mbili za kiwele, mahali ambapo unyevu na jasho hukaa. Hivi huletwa na bakteria wa jamii ya stafilokoka, ambao huishi kwenye ngozi ya mbuzi na ya binadamu, wakingoja mkwaruzo wa kuingilia. Leo ana vipele mbuzi mmoja, baada ya muda wanavyo wote, na ukichunguza utakuta wote wamepita katika mikono ile ile na kitambaa kile kile. Vipele hivi, vikiwa juu juu, hupona kwa usafi. Punguza nywele za kiwele. Osha sehemu hiyo mara mbili kwa siku, baada ya kukamua, kwa dawa ya klorheksidini iliyozimuliwa kama kibandiko cha chupa kinavyosema, au povidoni ayodini iliyozimuliwa kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Acha dawa ikae dakika chache, kisha kausha kabisa. Usiviminye. Ukiminya, usaha unamwagikia ngozi nzima na unakuchafua mikono kabla hujamshika mbuzi wa pili.

Aina ya pili ndiyo inayowapotosha wengi. Ni magaga mazito, meusi au ya kahawia, yaliyokaa juu ya chuchu kama yamegandishwa. Ukiyaona hayo, acha kiwele uwatazame watoto. Wakiwa na magaga kama hayo pembeni mwa midomo, huo karibu kila mara ni ugonjwa wa vidonda vya midomo, ambao wataalamu huuita orfu. Huletwa na kirusi. Mtoto ananyonya, anamwachia mama kirusi kwenye chuchu, mama anashindwa kuvumilia kunyonyesha, na mtoto ambaye tayari midomo inamuuma anakonda kwa njaa. Hakuna sindano ya antibiotiki inayoua kirusi hiki. Ugonjwa hujiishia wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki tatu hadi nne, na kazi ya mfugaji ni kumvusha mbuzi salama katika wiki hizo: magaga yasibanduliwe, chuchu ziwe safi ili bakteria wasidandie, maziwa yatolewe kwa upole hata kama ni kidogo kidogo, na watoto walishwe kwa chupa mpaka waweze kunyonya tena. Aliyezaliwa karibuni lazima apate dang'a, kwa chupa au kwa kusaidiwa.

Orfu pia humwingia mtu. Anayewashika wanyama hawa bila glavu akiwa na mkwaruzo kidoleni anaweza kuota uvimbe mwekundu unaochuruzika, unaochukua wiki kadhaa kupona. Asiukate wala kuutumbua. Aende zahanati, na amwambie mhudumu kwamba anafuga mbuzi wenye vidonda, kwa sababu bila maelezo hayo uvimbe huo hudhaniwa kuwa jipu. Magaga yaliyodondoka bandani yafagiliwe na kuchomwa moto, kwani ndani ya gaga kavu kirusi huweza kukaa miezi mingi kikingojea kizazi kijacho cha watoto.

Aina ya tatu ni ya kuchukuliwa hatua siku hiyo hiyo. Mbuzi ana homa ya zaidi ya nyuzi 40, anatoa makamasi na machozi, na vinundu vigumu vimetokea kiweleni, chini ya mkia, usoni na kwenye masikio. Hiyo huenda ni ndui ya mbuzi. Ndui si ya mtu kujitibia mifugo yake kimya kimya. Ni ugonjwa unaotakiwa kutolewa taarifa serikalini. Mfugaji anayeuficha analiweka hatarini zizi la kila jirani.

Halafu viko vidonda visivyotokana na maambukizi kabisa, angalau mwanzoni. Kupe wenye midomo mirefu hupenda ngozi laini ya kiwele na kinena, na mmoja anatosha kuacha shimo litakalotunga usaha. Miiba huchana. Meno ya watoto waliokwisha kukua huchuna chuchu. Mbuzi weupe kama Saanen, wenye ngozi ya waridi, huunguzwa na jua kwenye kiwele wakichungwa uwanjani mchana kutwa, na hao hao huota vinyama ambavyo vingine huweza kugeuka saratani. Hapa tiba ni kuondoa chanzo. Kupe atolewe, na dawa ya kuogeshea ichaguliwe kwa kusoma kibandiko kinasema nini kuhusu maziwa. Watoto wakubwa waachishwe. Mbuzi mweupe apewe kivuli. Kinyama kinachokua au kutoa damu kionyeshwe daktari wa mifugo, kisifungwe uzi na jirani.

Tukirudi kwenye mikono, utaratibu tunaoupigania unahitaji maji, sabuni na nidhamu. Kamua wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Nawa kwa sabuni kabla ya kuanza na baada ya kila mnyama. Kila mbuzi awe na kitambaa chake, na vitambaa vyote vichemshwe au viloweshwe kwenye maji ya dawa ya kuulia vijidudu kisha vianikwe juani. Mgonjwa akamuliwe kwa glavu. Kamua kwa kubana, usivute chuchu kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu kuvuta huchubua. Matone ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe chenye rangi ya giza ili mabonge yaonekane. Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya kuchovyea, kisha mpe mbuzi majani asimame kwa muda, kwa sababu akilala mara moja tundu la chuchu likiwa bado wazi, anakwenda kuchota uchafu wa sakafu.

Na hapo tunalitaja kopo la mafuta ya kukamulia. Hili limo karibu kila banda, limefunguka, na ndani yake mna nywele, samadi na alama za vidole. Mkono unagusa kidonda, unarudi koponi, unakwenda kwa mbuzi anayefuata. Mafuta yanayonunuliwa kulainisha chuchu ndiyo yanayopeleka vidonda nyumba nzima. Mafuta yenyewe si mabaya. Chuchu zilizokauka na kupasuka wakati wa baridi na upepo zinayahitaji. Yachotwe kwa kijiko safi, yawekwe kiganjani kiasi cha mbuzi mmoja, na kopo lifunikwe. Kopo lililokwisha kuchafuka litupwe, hata kama limebaki nusu. Bei yake ni ndogo kuliko maziwa ya wiki moja.

Hapa tutaambiwa kwamba tunajua kusema lakini hatujui hali ya kijijini: daktari wa mifugo yuko wilayani, nauli yake na ada yake vinakaribia bei ya mbuzi mwenyewe, duka liko kituo cha basi. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatuipuuzi. Lakini ndiyo inayotupa nguvu. Mtu asiye na fedha ya daktari hana fedha ya kununua dawa isiyofanya kazi. Maji ya moto yaliyopoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yanasafisha kidonda bila gharama. Kumkamua mgonjwa mwisho hakuhitaji shilingi. Kitambaa cha pili kinapatikana kwa kuchana shuka kuukuu.

Sindano ya kubahatisha, kwa upande mwingine, ina gharama hata pale inapoonekana imesaidia. Kwanza, orfu ingepona yenyewe, lakini mfugaji ataisifu dawa na kuirudia mwakani. Pili, dawa zilizo dukani nyingi zimeandikiwa ng'ombe, na dozi hukisiwa kwa macho. Dozi pungufu huwaacha hai bakteria wagumu, na bakteria sugu wa stafilokoka hawabagui kati ya mbuzi na mtu anayemkamua. Tatu, dawa hutoka kwenye maziwa. Kila chupa ina siku zake za kuzuia maziwa yasinywewe wala kuuzwa, lakini tujiulize ni nyumba ngapi zinazomwaga maziwa siku hizo. Mtoto mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe cha uji. Dawa ya kupuliza ya bluu nayo huingia kwenye ndoo na kwenye mdomo wa mtoto anayenyonya, isipooshwa kabla ya kukamua.

Kosa kubwa zaidi ni kuingiza bomba la dawa ya ugonjwa wa kiwele ndani ya chuchu ya mbuzi mwenye vidonda vya nje tu. Maziwa yake ni safi, kiwele hakina joto wala uvimbe, lakini mtu anachomeka ncha ya bomba katikati ya ngozi yenye usaha. Ni sawa na kumfungulia mwizi mlango ulioufunga mwenyewe. Anaingiza ndani ugonjwa uliokuwa nje.

Oili chafu ya gari, dizeli, maji ya betri na majivu ya moto navyo vikomeshwe. Oili na dizeli huunguza ngozi na kuingia kwenye maziwa. Spiriti na ayodini kali isiyozimuliwa humtia mbuzi maumivu makali, na mbuzi huyo kesho hatakubali kushikwa. Kidonda cha chuchu kinataka vitu vya upole vinavyorudiwa kila siku, havitaki kitu kikali cha mara moja.

Antibiotiki ina mahali pake, na pale inapohitajika isicheleweshwe. Vipele vikiingia ndani na kuwa majipu, kiwele kikiwa na joto na kigumu, maziwa yakibadilika rangi au kutoa mabonge, mbuzi akiacha kula au homa ikipanda, mtaalamu aitwe. Na kiwele kikigeuka cha baridi, chenye rangi ya buluu au nyeusi, hiyo ni dharura. Ngozi inakufa, sumu inaingia mwilini, na mbuzi anaweza kupotea ndani ya siku moja au mbili. Afisa mifugo atachagua dawa, atapima dozi kwa uzito, atasema itolewe siku ngapi na maziwa yazuiwe siku ngapi. Dozi imalizwe hata kama vidonda vimeanza kukauka siku ya pili.

Kuhusu maziwa, tuwe wazi. Yenye usaha, damu au mabonge yasinywewe na mtu. Wengi hujitetea kwamba wanachemsha. Kuchemsha huua bakteria, lakini stafilokoka akipata saa kadhaa katika maziwa yenye uvuguvugu hutengeneza sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Mtu anayekunywa maziwa hayo yakiwa yamechemka kabisa bado anaweza kutapika na kuharisha. Hata maziwa yanayoonekana safi ya mbuzi mwenye vipele yasichanganywe na ya wengine kabla hajapona. Ya mbuzi wazima nayo yachujwe na kuchemshwa au kupozwa mara tu baada ya kukamua, yasiachwe dirishani hadi jioni.

Tunayo madai, na tunayaelekeza kwa wahusika.

Wauzaji wa dawa za mifugo: kabla hujashusha chupa rafuni, uliza maswali matatu. Vidonda vikoje na viko wapi? Watoto wana magaga midomoni? Mbuzi anakula na ana homa? Mteja asiyeweza kujibu mwambie akaangalie kwanza, au alete picha kwenye simu. Majibu yakielekea orfu, muuzie glavu na dawa ya kuoshea. Dawa ya antibiotiki mwachie mtaalamu aandike.

Halmashauri na serikali za kaunti: mkigawa mbuzi wa maziwa kwenye vikundi, mgawe na ujuzi. Mradi unaokabidhi mbuzi mbele ya kamera halafu usiwe na afisa ugani mwenye pikipiki na mafuta ya kumfikia mfugaji miezi sita baadaye ni mradi nusu. Somo la kukamua kwa usafi linaweza kufundishwa asubuhi moja, bandani, kwa mbuzi mmoja na ndoo ya maji. Lifundishwe kwa yule anayekamua hasa, ambaye katika nyumba nyingi ni mama au kijana wa shule. Mwenyekiti wa kikundi anayekuja kusaini karatasi za mahudhurio hatoshi.

Vikundi vya "kopa mbuzi, lipa mbuzi": mtoto anayelipwa kwa mwanachama mwingine asitoke nyumba yenye vidonda. Akaguliwe midomo, miguu na ngozi, na akifika kwenye nyumba mpya atengwe kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Beberu wa kikundi anayezungushwa nyumba kwa nyumba naye akaguliwe kila anapohama. Mfuko wa kikundi ununue vitu vichache vya pamoja: kipima joto, klorheksidini, boksi la glavu, vikombe vya kuchovyea chuchu. Hivyo vinne vitaokoa viwele vingi kuliko katoni ya sindano.

Na mfugaji mwenyewe, kesho asubuhi kabla ya kukamua, mwinue kila mbuzi mkia, mshike kiwele kwa mikono iliyonawa, kigeuze utazame pande zote, kisha watazame watoto midomo. Ukikuta kidonda, panga upya foleni ya kukamua siku hiyo hiyo. Osha, kausha, tenga kitambaa, tupa kopo chafu. Zikipita siku tatu bila nafuu, au dalili mojawapo ya hatari tulizozitaja ikijitokeza mapema zaidi, mwite mtaalamu na umweleze ulichokiona na ulichokifanya. Hapo ndipo sindano, kama inahitajika, itakuwa imepata kazi yake halali.